Meza ya Fundi: Diski ya karani wa Kongwa na maswali mengine

Swali

Shikamoo mama fundi. Mimi ni karani wa parokia moja wilayani Kongwa. Kompyuta yetu ya ofisini, ile ya enzi za Windows XP, ilizima mwezi uliopita na haikuwaka tena. Humo ndani kuna orodha ya ubatizo na ndoa ambayo karani aliyenitangulia aliichapa kwa miaka mingi kabla hajafariki. Vitabu vyenyewe vya karatasi, vingine vililiwa na mchwa.

Muumini mmoja ametununulia kompyuta iliyotumika, ya kisasa zaidi. Nilipofungua ile ya zamani na kutoa hadidiski, nikakuta waya wake ni mpana kama utepe, na mashine mpya haina mahali pa kuuchomeka. Nikanunua kiadapta kidogo. Nimekichomeka, taa yake inawaka, lakini diski haionekani. Je, imekufa? Na ikionekana, nitaweza kuiwasha XP yangu kama ilivyokuwa?

*Karani, Kongwa*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa msiba, na ahsante kwa kuhangaikia kazi ya marehemu. Naomba kwanza uchomoe kila kitu, hiyo diski uifunge kwenye kitambaa kikavu, uiweke mezani mpaka umalize kusoma hapa. Kila unapoiwasha kwa kubahatisha unaitumia uhai wake, na hujui umebaki kiasi gani.

Sidhani kama imekufa. Taa ya adapta ikiwaka maana yake umeme umefika kwenye adapta, basi. Haikuambii kitu kuhusu diski.

Diski yako ni ya IDE: meno 40 katika safu mbili. Mashine uliyonunuliwa ni ya SATA, mfumo ulioanza kuingia sokoni mwaka 2003, wenye waya mwembamba wa meno 7 kwa ajili ya data na plagi bapa ya meno 15 kwa ajili ya umeme. Watu huona tofauti ya umbo wakadhani kazi ya adapta ni kubadili umbo. Sivyo. IDE hupeleka biti 16 kwa pamoja, bega kwa bega. SATA hupeleka moja nyuma ya nyingine kwa kasi kubwa. Katikati lazima akae mkalimani, nayo ni ile chipu nyeusi unayoiona juu ya adapta yako.

Sasa mkalimani huyu mara nyingi anajua kutafsiri upande mmoja tu. Kuna adapta ya kuvalishwa diski ya IDE ili iingie kwenye mashine ya SATA, ambayo ndiyo unayoitaka wewe. Na kuna adapta ya kuvalishwa mashine ya zamani ya IDE ili ipokee diski mpya ya SATA. Zote zina matundu 40 upande mmoja na mdomo wa SATA upande mwingine, zinafanana kama Kurwa na Doto, na dukani utazikuta zimechanganywa kwenye boksi moja. Nyingine zina swichi ndogo au jampa, yaani kikofia kidogo cha plastiki, ya kugeuza upande; iangalie yako kwa mwanga mzuri, huenda jibu lako liko hapo. Kama haina swichi, rudi kwa muuzaji umwambie hivi: "Diski ni ya zamani, mashine ndiyo mpya." Akisitasita, usinunue.

La pili ni jampa ya diski yenyewe. Nyuma ya diski, kati ya yale meno 40 na plagi ya umeme, kuna vijiti vifupi vimevalishwa kikofia cha plastiki kidogo kuliko punje ya mtama. Kikofia hicho ndicho kinachoiambia diski kama ni masta au ni msaidizi wa diski nyingine. Utaona vifupisho MA (masta), SL (msaidizi) na CS (waya ndio unaochagua), au mchoro kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni. Kwa adapta nyingi diski inatakiwa iwe masta. Diski za Western Digital zina jambo lao: zinatofautisha masta mwenye mwenzake na diski iliyo peke yake, na ikiwa peke yake kikofia kinatakiwa kitolewe au kikae kwa kulala, kama mchoro wake unavyoonyesha. Nimeona watu wakitupa diski nzima kabisa kwa sababu ya kikofia hicho. Kitoe kwa kibanio cha nyusi, taratibu, na ufanyie kazi hiyo juu ya kitambaa cheupe. Kikianguka sakafuni hukipati.

Ukiwa hapo hapo, hesabu meno. Katika safu ya chini au ya juu, katikati, kuna jino moja ambalo halipo. Halikuvunjika. Ni jino namba 20, limeachwa makusudi ili plagi isiingie kinyume. Lakini kama jino jingine limelala, usilazimishe adapta. Chukua kalamu ya risasi ya kubonyeza, ile ya wanafunzi, toa risasi yote, kisha ingiza ncha yake tupu kwenye jino lililolala ulinyanyue pole pole mpaka lisimame sawa na wenzake. Mara moja tu. Ukilipinda huku na huko litakatika.

La tatu ni umeme, na hapa naomba unisikilize sana.

Diski za zamani hutumia plagi ya matundu manne: waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, na miwili myeusi katikati ni ya kurudisha. Pembe mbili za plagi zimekatwa ili isiingie kichwa chini. Lakini plagi ikishachakaa, plastiki hulegea na huingia vyovyote ukiisukuma. Mwaka 2006 nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi, kwenye meza ya kuazima karibu na soko la Majengo. Mama mmoja aliniletea diski yenye picha za mwanawe aliyefariki akiwa na miaka mitatu. Umeme ulikuwa umerudi muda mfupi tu uliopita na nilikuwa na haraka. Nilisukuma plagi, ikagoma, nikasukuma tena ikaingia. Volti 12 zikaenda mahali panapotaka volti 5. Harufu ilikuja kabla sijaondoa mkono. Yule mama hakunilaumu, alikaa tu kwenye benchi akainamisha kichwa. Diski hiyo ninayo kwenye droo mpaka leo, na kila fundi mdogo anayekuja kujifunza kwangu namwonyesha kabla sijampa bisibisi.

Kwa hiyo plagi ikigoma, simama. Tazama rangi. Waya wa njano unatakiwa uwe upande wa nje, mwekundu upande wa ndani, karibu na meno 40, kama alama zilizochapwa kwenye bodi ya diski zinavyosema. Hakuna plagi ya kompyuta inayohitaji nguvu za bega.

Kuna jingine kuhusu umeme. Mashine nyingi za ofisini zinazouzwa zikiwa zimetumika, zile fupi na nyembamba, pawasaplai yake (kile kisanduku kinachogawa umeme) haina kabisa plagi ya matundu manne, na nyingine hupitisha umeme wa diski kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya mashine. Diski ya zamani ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye ile njia ya volti 12. Sipendi kuibebesha mazabodi ya mtu mzigo huo. Kwa kazi yako wewe, ya kuokoa data mara moja, ushauri wangu ni kuachana na kiadapta ulichonunua na kutafuta adapta ya USB ya kusomea diski za IDE na SATA, yenye kitofali chake cha umeme kinachochomekwa ukutani. Itakaa nje ya kasha, hutafungua chochote, na ukimaliza utaazimisha shule ya jirani. Hakikisha tu imekuja na kitofali. Zile zisizo nacho zinatosha diski ndogo za laptop za meno 44, ambazo hupokea umeme kupitia meno yale yale.

Utaratibu ni huu. Diski iwe imelala juu ya meza, bodi ya kijani isiguse chuma. Chomeka meno 40, kisha umeme, washa kitofali, sikiliza. Ukisikia inazunguka kwa mlio mmoja unaopanda kisha ukatulia, ndipo uchomeke USB. Ukisikia tak, tak, tak ya kujirudia, zima pale pale usijaribu tena. Lete kwa fundi mwenye Linux na programu ya ddrescue, ambayo hunakili kwanza sehemu zilizo nzima, inaandika kumbukumbu ya zilizogoma, halafu ndiyo inazirudia. Kung'ang'ania kunakili kwa Windows diski inayogonga ni kuimalizia.

Ikionekana, Windows inaweza kukuuliza kama unataka kuifomati. Kataa. Mafaili ya XP hukaa kwenye folda iitwayo Documents and Settings. Ukiambiwa huna ruhusa, bonyeza kuendelea, na ukiwa umeingia kama msimamizi utafunguliwa. Nakili orodha ya ubatizo kwanza kabla ya kitu kingine chochote, uiweke sehemu mbili: ndani ya mashine mpya na kwenye flashi ambayo haitalala ofisini.

Kuhusu kuiwasha XP yenyewe ndani ya mashine mpya: usijaribu. XP iliwekwa kwa ajili ya mazabodi ile iliyokufa. Ikikutana na kidhibiti cha diski isichokijua itakuletea skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, na mashine nyingi za miaka ya karibuni hazikubali kabisa kuanzisha mfumo wa zamani hivyo. Wewe huhitaji XP, unahitaji majina ya watu.

Na kama orodha hiyo ilichapwa kwa Access 97, programu ya Microsoft ya kutunza orodha, kama zilivyokuwa ofisi nyingi za wakati ule, Access ya 2013 na zilizofuata haziwezi kulifungua faili hilo. Tafuta mtu mwenye Access ya 2010 au ya nyuma yake, alifungue na kulihifadhi upya katika muundo mpya. Kisha utoe na nakala ya kawaida ya jedwali, na uichape kwenye karatasi. Mchwa wana dawa yao. Niandikie ukifanikiwa, nitafurahi sana.

Swali

Habari za kazi, mama. Nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Nina RAM mbili za DDR3, GB 4 kila moja, kutoka kompyuta ya nyumbani. Mashine niliyonunua ni ya DDR4. Mwenzangu wa hosteli anasema nikipiga msasa kidogo kwenye lile pengo itaingia. Ni kweli?

*Mwanafunzi, Dodoma*

Jibu

Hapana, na mwambie mwenzako asimshauri mtu mwingine tena. DDR3 ina meno 240 na inatumia volti 1.5, DDR4 ina meno 288 na inatumia volti 1.2. Hakuna adapta, na huo msasa utakuharibia RAM na mazabodi kwa pamoja. Hata DDR2 na DDR3, ambazo zote zina meno 240, pengo lake limesogezwa makusudi ili zisiingiliane. Lile pengo ni onyo.

Ziuze hizo mbili kwa mtu mwenye mashine ya umri wake, wapo wengi hapa mjini, uongezee ununue moja ya DDR4. Lakini kama mashine ya nyumbani ina diski ya SATA, hiyo ihamishe bila wasiwasi. SATA ya zamani ya gigabiti 3 kwa sekunde huingia kwenye tundu la gigabiti 6 ikafanya kazi kwa kasi yake yenyewe.

Swali

Fundi, habari za leo. Nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Singida. Hati zetu za kupokelea mzigo zinachapwa kwa printa ya nukta ya Epson, kwenye karatasi zenye nakala tatu: moja ya mkulima, moja ya ghala, moja ya hesabu. Programu yenyewe ni ya DOS, ule mfumo wa kabla ya Windows, niliandikiwa na kijana mmoja zamani na sijawahi kupata nyingine inayojua magunia yangu kama hiyo. Wanangu wamenunua kompyuta mpya ya Windows 11. Haina tundu pana la printa, na programu haifunguki. Wanasema nitupe vyote ninunue printa ya wino.

*Mzee wa alizeti, Singida*

Jibu

Shikamoo mzee wangu. Usitupe. Printa ya wino haiwezi kukupa nakala tatu kwa mpigo mmoja, kwa sababu haigongi karatasi. Yako inagonga kwa sindano kupitia utepe, na pigo hilo ndilo linalofika karatasi ya tatu. Mkulima akiondoka na hati yenye mwandiko ule ule ulio ghalani, hakuna ubishi wa magunia. Wanao wana nia njema, ila waambie hilo.

Una matatizo mawili tofauti, tuyatenganishe.

Tundu kwanza. Kama kompyuta mpya ni ya kasha na ndani ina nafasi ya PCI Express, nunua kadi yenye tundu la printa la meno 25. Kabla ya kununua pima urefu wa nafasi nyuma ya kasha. Makasha membamba yanataka kadi yenye bati fupi. Kadi za zamani za PCI, zile ndefu zenye mapengo mawili, hazitaingia hata kama mtu atakupa bure. Kama ni laptop, chukua waya wa USB wenye kichwa kikubwa cha meno 36 kinachofunga kwa vishikio vya waya pembeni ya printa. Printa iwe imezimwa unapochomeka kichwa hicho.

Waya huo wa USB una kasoro moja ambayo wauzaji hawaisemi: Windows huutambua kama tundu la USB la printa, hauwi LPT1, jina la lile tundu pana la zamani. Ukichapa barua kutoka Word itatoka vizuri. Programu ya DOS, ambayo inamtafuta LPT1 kwa jina, haitamwona.

Ndipo tunafika kwenye tatizo la pili. Windows 11 ni ya biti 64 peke yake, na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16. Programu yako haijaharibika, imekosa nyumba. Ijengee nyumba kwa DOSBox-X, ambayo ni ya bure. Inaigiza kompyuta ya DOS ndani ya dirisha, na ina mpangilio wa kupokea kile programu inachokituma LPT1 na kukikabidhi kwa printa ya Windows. Kijana wako mmoja aketi nayo jioni moja, anakili folda nzima ya programu kutoka mashine ya zamani, aielekeze huko. Herufi hutumwa kama picha, kwa hiyo itachapa polepole kuliko ulivyozoea. Ajaribu kwanza kwenye karatasi za kawaida mpaka mistari ikae mahali pake, ndipo muweke zile za nakala tatu.

Msimu wa alizeti ukiwa umeshaanza, mzee wangu, usihame. Endelea na mashine ya zamani mpaka foleni ya magunia iishe, huku mpya ikijaribiwa pembeni. Kuwa na njia mbili kwa wiki kadhaa si gharama. Na utepe wa printa ukiwa haujatumika urudishe kwenye mfuko wake wa nailoni, maana hewa yetu ya kanda hii inaukausha haraka.

Swali

Mama, mashine yangu kila asubuhi inasema nibonyeze F1, saa inarudi mwaka 2009, na tovuti nyingi zinakataa kufunguka zikidai si salama. Pia nataka kuhamishia kibodi yangu ya zamani yenye plagi ya mviringo ya zambarau kwenye laptop. Nimenunua kigeuzi lakini haifanyi kazi.

*Nkuhungu, Dodoma*

Jibu

Kibodi kwanza. Vile vigeuzi vidogo vya bei rahisi havina chipu ndani; vinafaa tu kibodi iliyotengenezwa ikijua mifumo yote miwili, wa plagi ya mviringo na wa USB. Yako inajua PS/2, yaani ile plagi ya mviringo, peke yake, kwa hiyo unahitaji kigeuzi chenye chipu, kwa kawaida kina waya na matundu mawili, la zambarau na la kijani. Ukirudi kuitumia kwenye mashine yenye tundu la mviringo, ichomeke mashine ikiwa imezimwa.

Saa ni betri ya CR2032 kwenye mazabodi, volti 3, mfano wa sarafu. Tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyao vya usalama vina tarehe, na mashine inayodhani ni 2009 inaona vyeti hivyo bado havijaanza kutumika.

Kuna jambo moja tu la kuangalia. Betri ikiisha, mashine hushika mipangilio yake ikiwa bado imechomekwa ukutani, ikisahau unapozima swichi. Basi leo, kabla hujazima, rekebisha saa, ingia BIOS (kurasa za mipangilio ya mashine zinazofunguka kabla ya Windows), piga picha ya kila ukurasa kwa simu, hasa ule wa SATA unaosema kama diski inasomwa kwa IDE au kwa AHCI. Mashine zenye Windows ya zamani zikirudishwa kwenye mpangilio wa kiwandani zinaweza kugoma kuwaka kwa sababu ya mstari huo mmoja, na watu hukimbilia kufomati.

Halafu zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu umalize umeme uliobaki. Kwa hewa kavu ya Dodoma, gusa chuma cha kasha kabla hujagusa bodi. Sukuma kile kibati cha pembeni, betri itaruka yenyewe. Futa vumbi kwa brashi ya rangi iliyo kavu, weka mpya. Upande wenye alama ya kujumlisha uwe juu. Ukiwasha, rekebisha saa tena na urudishe mipangilio kama ilivyo kwenye picha.